Mikate ya Watu Kichwani

Moguer, Uhispania
15 Februari 2015

Mdogo wangu Hammadi,

Nimefika mzima, na mizigo yangu mizima, isipokuwa ile chupa ya mafuta ya zeituni ya Mama. Ilipasuka ndani ya begi kabla hata hatujavuka maji. Nguo zangu zote sasa zinanukia jikoni kwetu na wenzangu wamenipachika jina, Bi Zeituni. Tunalala wanawake sita chumba kimoja, wote wa kwetu Moroko, na wawili kati yao wanakoroma kwa zamu kana kwamba wamepangiana. Mchana kutwa tumeinama ndani ya mahema ya nailoni tunachuma stroberi. Siku ya kwanza tulizila mpaka tukasahau adabu. Leo ni siku ya nne, hata harufu yake sitaki.

Mwambie binti yangu Widad kwamba mama yake anamkumbuka kila akisuka nywele asubuhi, na kwamba daftari la hesabu lipo juu ya kabati, si chini ya kitanda kama anavyodai. Mwambie Mama asipande juu ya paa kuanika nguo, akuachie wewe.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu najua simu huigusi tangu ulipougua na kuanza kusikia watu wakikusema humo ndani. Jumapili nitampigia Mama, naye atapayuka mpaka majirani wasikie, lakini ya kwako na ya kwangu yatapita kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Siku ninaondoka, pale kituo cha basi, ulininong'oneza kitu kisha ukajifanya unakohoa. Nilikusikia. Ulisema, "Hii sindano inaninenepesha mpaka sijijui. Nitaiacha." Hammadi, najua kilo mia moja na kumi na nane si mchezo. Najua ulikuwa na kilo themanini siku ya kwanza walipokudunga, na najua Bi Bahija wa kituo cha afya amesema sukari ya damu imeanza kupanda. Lakini mwaka juzi uliiacha, ukapotea siku tisa, tukakukuta huko mjini Azrou na kiatu kimoja mguuni. Mama hakula siku zote tisa. Na sauti zile zilikuwa zimekwambia nini njiani, hujawahi kutuambia.

Niahidi kitu kimoja tu. Kila tarehe kumi na mbili uende ukadungwe. Unene tutautafutia dawa yake. Niandikie neno "naahidi" na usiniandikie shairi.

Dada yako,
Touria

*

Sefrou
4 Machi 2015

Dada Touria, Bi Zeituni,

Sisi wazima. Mama mzima, Widad mzima, daftari la hesabu lilikuwa chini ya kitanda. Juu ya paa sasa napanda mimi, na ngazi inalia kila nikiikanyaga. Bi Tamo wa nyumba ya pili akiisikia anasema, "Hammadi huyo, mvua inakuja." Anadhani ni radi.

Bi Bahija kanipangia utaratibu. Hakunigombeza, hilo nalipenda kwake. Aliniweka kwenye mizani, akaandika, kisha akasema, "Sikia kaka, hii njaa uliyonayo si uroho. Ni dawa inakudanganya tumbo. Wengi wanaotumia dawa hizi inawatokea, kwa hiyo usijione mtu mbaya." Nusura nilie pale pale, maana mwaka mzima nilikuwa nadhani nimekuwa mlafi tu. Halafu akanipa amri tatu: chai bila sukari, nusu ya chakula iwe mboga, na kutembea nusu saa kila asubuhi, kwa mguu, mjini, wala si kuzunguka uani.

Amri ya kwanza imemtia Mama homa. Unajua tena watu wetu: mtu akienda kumwona mgonjwa, hubeba lile pande refu la sukari lenye karatasi ya buluu. Tangu niugue mimi, wageni wametuletea sukari mpaka kabati halifungi. Widad amehesabu mapande thelathini na moja. Mama anasema kuyaacha bila kuyatumia ni kuwadharau walioleta. Nikamwambia, "Mama, kwa hiyo niyanywe yote ili Bi Tamo afurahi?" Akasema, "Hata moja tu la Bi Tamo, mwanangu, yeye ni mwepesi wa kununa."

Jingine la kukuchekesha. Nilikwenda tanurini kwa Fundi Bouchta kuomba kazi yangu ya zamani. Aliniangalia kichwa mpaka miguu, akasema nafasi ipo, kwa kuwa yule aliyenirithi anaunguza mikate na hajui mkate wa nyumba gani ni upi. Kisha akanionyesha lile shimo mbele ya mdomo wa tanuri, tunamosimama kuchoma. "Ingia," akasema. Nikaingia. "Toka." Ha! Dada, nilinasa. Tumbo huku, ukuta huku. Walinivuta watu wawili na mkanda wa Fundi mwenyewe, na wanawake waliokuja na unga wao kuchomewa mikate wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na mimi nilicheka. Fundi akasema, "Siku utakayoshuka humu na kupanda mwenyewe, pauro hili la kuchotea mikate ni lako."

Naitaka kazi ile kuliko kitu chochote, Touria. Pale nilikuwa Hammadi wa tanuri. Nyumbani mimi ni mgonjwa wa Mama, yule mwana mgonjwa wa Lalla Rqia.

Barua yako nimeisoma mara mbili.

Mdogo wako,
Hammadi

*

Moguer
18 Machi 2015

Hammadi,

Nimeisoma barua yako kwa sauti na chumba kizima kimecheka, hasa ya ule mkanda. Bi Fadma wa Beni Mellal, huyu anayelala kitanda cha chini yangu, anakutumia salamu na anasema umkazie Mama juu ya sukari. Mimi mzima, mgongo si mzima. Mvua imenyesha siku tatu, tukafanya kazi miguu imezama matopeni.

Umenifurahisha kuhusu Bi Bahija. Tembea. Hata ukichoka, tembea. Huyo Bouchta namjua, akisema neno halirudi nyuma.

Ila nimetafuta neno "naahidi" kwenye barua nzima, mbele na nyuma, hata chini ya stempu. Silioni. Umeandika umeisoma mara mbili. Mimi sikukuomba kusoma.

Tarehe kumi na mbili ya Machi ulikwenda?

Touria

*

Sefrou
2 Aprili 2015

Dada,

Machi nilikwenda, ndiyo. Mama mzima, anakusalimu. Widad kapata alama nzuri za hesabu, anataka umletee viatu vyekundu.

Leo sina hamu ya kuandika lakini naandika, ili usiseme nimekaa kimya. Nimepimwa. Nilitembea mwezi mzima, sikukosa hata asubuhi moja. Mvua nimetembea, baridi nimetembea. Chai yangu nyumbani haina sukari. Nikapanda mizani nimejaa matumaini mpaka nikavua na soksi. Mia moja na ishirini na moja. Nimeongeza kilo tatu, Touria! Kwa kutembea!

Bi Bahija alitazama mizani, akanitazama mimi, akauliza kama nakula kwa kujificha. Nikasema sili. Akasema basi tuangalie tena pamoja. Sikutaka kuangalia tena. Nilitoka.

Unajua ilivyo? Mimi nikitoka mlangoni tu, Bi Tamo ananiona. "Hammadi! Umetoka nje! Alhamdulillahi!" Ananivuta ndani. Chai, sukari yake, chapati za kukunja zinazochuruzika siagi na asali. Nikisema sili, uso unamwanguka. Natoka kwake, nakutana na Si Allal, yule mzee fundi cherehani, aliyekuwa rafiki wa baba. "Mwanangu, miaka miwili sijakuona barabarani!" Machozi kabisa. Chai. Kisha mama yake Driss, kisha wale ndugu wawili wauza pamba. Kufika darajani nimeshakunywa glasi sita na kula mkate wa watu watatu. Wanafurahi kuniona, nitawafukuzaje? Nikikataa wanadhani ugonjwa umerudi, nimewachukia. Mtu mzima wa akili hakatai chai ya mtu.

Kwa hiyo miguu haisaidii. Kilichobaki nakijua mimi.

Nimechoka kubeba mtu mwingine juu yangu, Dada. Kanzu ya baba hainiingii. Ninavaa lile jelaba la kijivu, lile joho pana, kila siku, na suruali ya ndani ya kamba.

Hammadi

*

Moguer
14 Aprili 2015

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo mchana na nimekaa nje ya hema bila kula. Nilicheka kwenye ile ya chai kwa sababu ningekuwa mimi Bi Tamo ningefanya vile vile. Halafu nikafika pale uliposema kilichobaki unakijua wewe, kicheko kikakauka.

Juzi ilikuwa tarehe kumi na mbili. Jumapili hiyo hiyo nilimpigia Mama. Nikauliza Hammadi vipi. Akasema mzima. Akasema tena, mzima. Kisha akasema, mzima kabisa, Touria, usiulize sana. Mama akisema mzima mara tatu, roho yangu inaruka.

Sikugombezi. Nina jambo langu la kusema, na nimelikalia miaka minne.

Unaikumbuka siku ya suruali. Ilikuwa wiki moja kabla ya Idi. Ulikuwa hulali, ulikuwa umefunga madirisha yote kwa blanketi, na Mama alikuwa analia jikoni. Nikakwambia, "Hammadi, vaa viatu, twende Fez tukakununulie suruali ya Idi." Ulifurahi. Ulikuwa hujafurahi kwa wiki nyingi, ukanawa uso, ukachana nywele. Tukapanda teksi. Hatukwenda dukani. Nilikupeleka hospitali, nikakushika mkono mpaka ndani, na watu wawili waliovaa meupe walipokuja nikauachia. Uliniangalia ukasema, "Na suruali?" Basi. Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ingekuwa afadhali kwangu.

Ulikaa humo miezi miwili. Ulipotoka hukunilaumu, na mimi sikuomba radhi, nikajiambia nilikuokoa. Huenda ni kweli nilikuokoa. Lakini nilikudanganya, na tangu siku ile hujaingia duka la nguo na mimi wala na mtu mwingine. Unadhani sijaona? Nisamehe, Hammadi. Nakuomba msamaha kwa maandishi ili usije ukasema hukusikia.

Na kwa kuwa siku ile nilikwenda kwa hila, leo nakuja wazi. Kama umeiacha sindano, rudi. Usirudi kwa ajili yangu. Nenda kwa Bi Bahija, mwambie usoni, "Dawa hii naichukia, inaniharibia mwili, nitafutieni njia nyingine." Hiyo ni haki yako kuisema. Wasiposikia, sema tena. Usiiache peke yako gizani.

Jibu upesi.

Touria

*

Moguer
28 Aprili 2015

Hammadi,

Wiki mbili. Karatasi hii ni ya sanduku la stroberi, usijali madoa. Mama kwenye simu anazungumzia hali ya hewa, na Mama tangu lini anajali hali ya hewa? Kama umekasirika kwa yale niliyoandika, niandikie kwamba umekasirika. Hata tusi moja litatosha.

T.

*

Sefrou
9 Mei 2015

Dada Touria,

Sijakasirika. Tusi ninalo, nitakupa ukirudi, la bure, kwa kumwambia chumba kizima habari za mkanda wa Bouchta.

Mama mzima, na safari hii nasema mara moja. Widad mzima. Matunda ya micheri yameanza kuiva, mji mzima unajiandaa kwa sherehe yake.

Nakupa yote kama yalivyokuwa. Tarehe kumi na mbili ya Aprili sikwenda. Nilimwambia Mama nimekwenda, akajua ni uongo, akaogopa kukwambia. Wiki ya kwanza nilijiona mwepesi, njaa imepungua, nikasema mnaona sasa? Wiki ya pili usingizi ukaniaga. Siku moja asubuhi nimesimama mlangoni mwa tanuri, mikate imepangwa kwenye ubao, na mmoja ukaniambia nisimwamini Fundi. Mkate, Dada. Wa nyumba ya Si Allal, naujua kwa mikato mitatu juu yake. Na kilichonitisha ni kwamba nusura niukubalie.

Barua yako ilikuwa mfukoni mwa jelaba, siku mbili hivi tangu ije. Nilikuwa nimeishia kwenye neno "suruali," sikuweza kuendelea. Nikaketi pale pale kwenye ngazi ya tanuri nikaimalizia. Kisha nikaenda kituo cha afya kwa mguu, peke yangu, hakuna aliyenishika mkono. Nikamwambia Bi Bahija maneno yako, neno kwa neno, hata lile la "nitafutieni njia nyingine."

Alisema, "Ahsante kwa kuja. Kaa." Akamwita daktari. Hawakunifungia popote. Tumekaa saa nzima. Daktari amesema dawa zipo za namna nyingi, hazinenepeshi sawa, na tunaweza kubadilisha, ila polepole na mbele ya macho yao, nije kila Jumatano. Usingizi ulirudi baada ya siku chache. Mkate nao umenyamaza, umerudi kuwa mkate. Nilichelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nihakikishe ni mimi ninayeandika.

Ngoja sasa nikuchekeshe. Bi Bahija aliniuliza, "Hebu nieleze ile njia yako ya asubuhi, nyumba kwa nyumba." Nikamweleza. Bi Tamo, Si Allal, mama yake Driss, wauza pamba. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta kitambaa. "Yaani nimekutuma matembezi," akasema, "kumbe nimekutuma karamuni!" Akasema kosa ni lake, angeujua mji wetu vizuri angenituma milimani.

Nikamsimulia Fundi Bouchta kama kichekesho tu. Yeye hakucheka. Aliinama, akachukua ubao wenye mikate minane ya mama yake Driss, inatoa mvuke, akaniwekea kitambaa kichwani na ubao juu yake. "Nenda," akasema. "Tuone nani atakusimamisha."

Wallahi Touria, hakuna! Nani atamsimamisha mtu mwenye mikate ya watu kichwani? Ikipoa ni aibu ya nani? Napita natoa sauti, "Simile! Simile!" na njia inafunguka mbele yangu. Bi Tamo alitoka mlangoni na glasi mkononi, akaniona, akajibana ukutani mwenyewe anapiga kelele, "Mpisheni! Mpisheni Hammadi, ana mikate!" Si Allal alisimama na sindano mdomoni, akanipungia. Wanafurahi vile vile, Dada. Furaha yao iko pale pale, ila sasa haina siagi.

Nyumba ishirini na tatu kila asubuhi, kupanda na kushuka. Mikono nikinyoosha namna ile kushika ubao siwezi kula hata nikitaka. Nikifika kwa mtu namwambia, "Nimebakiza wengine," na anayejua maana ya mkate moto hawezi kubishana.

Na Mama! Ijumaa kwenye sinia la kuskusi unajua kila mtu ana upande wake, na Mama siku zote anasukuma nyama kuja upande wangu kidogo kidogo akidhani simwoni. Bi Bahija alikuja kula kwetu Ijumaa iliyopita, akamnong'oneza kitu. Sasa Mama anasukuma maboga na turnipu! Kwa mwendo ule ule, kwa vidole vile vile, anaangalia pembeni kama mwizi. Nikamwambia, "Mama, nakuona." Akasema, "Kula, usiongee."

Jumatano hii mizani imesema mia moja na kumi na saba. Kilo moja tu chini ya siku ulipoondoka, najua. Lakini zimeshuka nne tangu siku ile ya soksi.

Hammadi

*

Moguer
22 Mei 2015

Hammadi wangu, Hammadi wa mikate,

Naandika huku nalia na Bi Fadma ananiambia nitaharibu wino. Nimesoma barua yako yote kwa wenzangu, isipokuwa kipande kile ambacho ni chako na changu. Nilipofika kwenye "Mpisheni Hammadi" wote watano wakapiga vigelegele. Mmoja akaweka beseni la nguo kichwani akazunguka chumba anasema "Simile! Simile!" na maji yakamwagika kwenye kitanda changu. Nimelala kitanda chenye unyevu na sikujali.

Ulikwenda mwenyewe. Kwa miguu yako. Nimeirudia sentensi ile nadhani mara ishirini. Mwambie Bi Bahija kwamba namletea kopo la jamu, halafu mwambie jamu hiyo wewe usiiguse.

Na Mama na maboga yake! Nimemcheka kwenye simu, akakata.

Mkataba unaisha wiki ya kwanza ya Juni. Tunavuka Ijumaa, na Jumamosi tarehe sita Juni, saa nne asubuhi, nitashuka kituo cha basi Sefrou, mgongo ukiniruhusu. Viatu vyekundu vya Widad nimeshanunua.

Kuhusu yale mengine niliyoandika Aprili, hukusema kitu. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba nimeona hukusema, na kwamba nasubiri, hata kama ni miaka minne mingine.

Dada yako,
Touria

*

Sefrou
4 Juni 2015

Dada Touria,

Hii siipeleki posta, haitakuwahi. Mama ataiweka juu ya mto wako. Isome kabla hujaja tanurini, kwa maana Jumamosi saa nne sitakuwepo kituo cha basi. Nitakuwa kazini.

Ndiyo, kazini! Jumatatu nilishuka shimoni. Fundi Bouchta alisimama juu amekunja mikono. Nikageuka huku, nikageuka huku, nikachota mikate mitano kwa pauro, nikaiweka motoni, nikaitoa. "Panda," akasema. Nikaweka kiganja ukingoni, nikajivuta. Goti liligonga, nikatukana kidogo, nikapanda. Hakuna mkanda. Wanawake wote waliokuwa wanasubiri mikate wakapiga makofi, na Bi Tamo akamwaga unga wake. Fundi akageukia ukutani anapangusa macho. Anasema ni moshi. Moto haukuwa na moshi, Dada, miye ndiye niliyeuwasha.

Mizani jana imesema mia moja na kumi na tatu. Usitegemee kumkuta mtu mwembamba. Tumbo lipo, litakusalimia kabla yangu. Bi Bahija anasema sukari ya damu imeanza kurudi mahali pake, na kwamba nitahitaji mwaka mzima wa namna hii. Dawa mpya inanipa usingizi mchana kidogo, hilo nalo tunalishughulikia. Tarehe kumi na mbili ninakwenda. Neno ulilolitafuta hata chini ya stempu ni hili hapa: naahidi.

Yale mapande ya sukari, Mama amepata pa kuyapeleka. Binti wa Si Allal anaposwa, na posa bila sukari si posa. Amembebesha punda mzigo mzima. Kabati sasa linafungwa. La Bi Tamo amelibakiza, anaogopa.

Sasa lile jambo. Sikulisema kwa sababu nilitaka kwanza niwe na la kusema. Siku ile kwenye teksi, ulikuwa unaangalia nje upande wako na mimi naangalia upande wangu, na nilikuwa na furaha kweli. Ulivyoniachia mkono niliumia, sitakuficha. Nimekasirika miaka minne kimya kimya, na sikujua nitaiweka wapi hasira yenyewe, kwa kuwa nilijua pia kwamba usingenipeleka nisingekuwepo. Barua yako imenipa pa kuiweka. Imekwisha.

Jumatatu tunafunga tanuri mapema. Jelaba hili la kijivu limechoka na mimi nimelichoka. Nataka twende Fez, mimi na wewe, tukanunue suruali. Kiuno changu bado kikubwa, mwenye duka atafute. Nitakuwa naangalia kila kona dereva anayokata, usishangae, lakini nitapanda teksi.

Siku ile njiani nilikuwa nimeshachagua rangi moyoni, na hukuwahi kuniuliza. Ni kahawia, Dada. Bado naitaka.

Hammadi